Nimelipia ripoti ya jina langu la ukoo mtandaoni, soma hapa kabla na wewe hujalipia

Habari zenu wadau. Kuna hizi huduma za mtandaoni za kukuambia jina lako la ukoo limetoka wapi, lina maana gani na watu wangapi wanalo duniani, saivi matangazo yake yamejaa kila ukifungua simu. Mimi nimenunua ile ripoti kubwa ya kulipia kwa jina letu, Mshana, na naipa nyota mbili kwa tano. Nyota moja ni ya ramani, nyingine ni ya uandishi, maana inasomeka vizuri na haichoshi. Zile tatu nimezizuia na nitaeleza kwa kirefu kwanini, kwasababu naona watu wetu wengi wanaingia huko na hamu ya kweli kabisa ya kujua walikotoka na hiyo hamu inastahili kuhudumiwa vizuri kuliko hivi. Jina la kampuni silitaji, ziko nyingi na zinafanana mno, ukishajua cha kuangalia utaipima yoyote ile.

Upande wa huduma yenyewe sina maneno mengi. Unaingiza jina, unachagua nchi, unalipa kwa kadi ya benki (kwa mitandao ya simu haikubali, na hapo wengi watakwama), faili linakuja kwenye imeli. Bei ukiibadilisha kwa shilingi inakaribia laki moja. Ukiongeza hela wanakutumia nembo ya ukoo ya kuweka kwenye fremu, ukiongeza tena wanakuunganisha na kipimo cha vinasaba. Malipo yalipita bila shida na faili lilifunguka kwenye simu na kwenye kompyuta. Sawa.

Shida inaanzia ndani. Ukurasa wa maana ya jina, ambao ndo watu wengi wanaulipia, unasema Mshana ni jina la Kibantu la Afrika Mashariki na "huenda" linahusiana na mchana, yaani mtu aliyezaliwa mchana. Basi. Baada ya hapo ni kurasa za historia ya jumla ya Wabantu kusambaa, picha ya mlima Kilimanjaro, picha ya Mmasai amesimama na mkuki, na maelezo ambayo ungeweza kumpa Mngoni, Mhehe au Mluguru na yeye akaona yanamhusu. Hakuna neno Upare. Hakuna neno Ugweno. Hakuna chuma, na hilo ndo limeniuma kuliko yote.

Sasa ngoja niwaambie ripoti ilitakiwa kusema nini.

Washana ni ukoo wa wahunzi wa Upare ya kaskazini. Ukitoka Mwanga mjini ukapanda ile barabara ya Kikweni kwenda Usangi unaingia kwenye milima ambayo upande mmoja unatazama Kilimanjaro, na Ugweno ni huko. Kule kulikua na kazi ya chuma miaka mingi sana kabla ya Mjerumani hajafika. Madini hayakuchimbwa kwenye shimo kama watu wanavyodhani, mvua ikinyesha maji yanashuka na mchanga mweusi mzito unabaki kwenye vijito, huo ndo unakusanywa, unaoshwa mpaka ule mwepesi uondoke, kisha unaingia kwenye tanuru pamoja na mkaa. Hewa inapulizwa kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo, moto unapanda mpaka uchafu unayeyuka na kujitenga, kinachobaki ni bonge la chuma ambalo bado halifai kitu mpaka lirudiwe kwenye moto na kufuliwa tena na tena juu ya fuawe, yaani kile kitu kigumu mhunzi anachogongea chuma. Hiyo hatua ya kufua, ya kulitoa bonge kuwa jembe, mkuki, shoka, kisu, ndo kazi iliyobeba jina la Washana. Mpaka leo mtu akilima sehemu fulani za huko jembe linagonga mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye vitundu, na vipande vya ile mirija ya udongo vimeungua upande mmoja mpaka vimekua kama kioo. Watoto wanayachezea. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuja wakayapima na kuandika juu yake, kwahiyo haya siyo maneno ya vijiweni.

Na chuma hicho hakikubaki Ugweno. Wachagga upande wa pili walikua wanategemea chuma cha Upare kwa majembe na silaha, na majembe yenyewe yalikua mali, yanaingia kwenye biashara na kwenye mahari. Fikiria maana yake: watu wote wanaolima, wote wanaopigana, wote wanaooa, wanapita kwa ukoo mmoja. Ndo maana Washana walikua watawala wa Ugweno. Wenye nyundo walikua wenye nchi.

Mpaka wakaja kupinduliwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye mwenyewe ni Mpare, alizunguka kwa wazee miaka ya 1960 akakusanya masimulizi ya koo na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Masimulizi yanasema ukoo wa Wasuya, chini ya mtu anaitwa Angovi, uliwaondoa Washana kwenye utawala, na ukihesabu vizazi unafika karibu karne ya 16. Mtoto wa Angovi, Mranga, ndo anakumbukwa kama aliyeipanga nchi upya, akaweka utaratibu wa utawala na wa jando chini ya mamlaka moja, na Ugweno ikawa dola yenye nguvu kwenye milima ile. Kwahiyo leo ukikuta pale Mwanga duka la Msuya limepakana na fundi Mshana, na wanakopeshana sukari, unaangalia majina mawili yaliyowahi kugombania nchi nzima. Msuya wengi mnalijua kwasababu ya mzee Cleopa David Msuya, mzaliwa wa Usangi mwaka 1931, Waziri Mkuu mara mbili, 1980 mpaka 1983 na 1994 mpaka 1995, aliyefariki mwaka 2025. Msiba ule majina ya koo za Upare yalitajwa redioni siku nzima na nadhani vijana wengi ndo walianza kuuliza kwao.

Sasa mtu analipa karibu laki anaambiwa "mchana".

Nikampigia baba mdogo, yuko Ugweno mpaka leo. Nikamsomea ile sentensi.

"Shikamoo baba mdogo."
"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"
"Hatujambo. Baba mdogo, hawa wanasema Mshana ni mtu aliyezaliwa mchana."
Akanyamaza kidogo. "Nani kasema?"
"Kwenye kompyuta, nimelipia."
"Mwambie aje huku nimwonyeshe alipokua anafulia babu yake baba yangu. Mshana ni mtu wa nyundo. Nyundo ya Mshana hairukwi, na ukiwa na neno na Mshana ulimalize kabla hajaenda kugonga fuawe akutaje jina."

Hayo ya kugonga fuawe kumtaja mtu ni laana ya wahunzi, na siyo ya kwetu tu. Uchagani pia nyundo ya mhunzi iliogopwa, watu waliapishwa kwayo, na wapo waliosita kuoa binti wa mhunzi kwa kuogopa hiyo nguvu. Wamasai wana Ilkunono, wahunzi wao, ambao walitengwa kabisa kwenye kuoana japo mkuki wa moran unatoka mikononi mwao. Linganisha na Ugweno ambako mhunzi alikaa kwenye kiti cha utawala. Hii tofauti peke yake ingetosha kujaza kurasa tano za ripoti na mtu angeisoma mpaka mwisho, angeiprinti na kuwapa watoto.

Na kuna kitu kingine ambacho hata kampuni ya ng'ambo ilitakiwa kukiona haraka kwasababu kiko kwenye data zao wenyewe. Jina la mhunzi ndo jina lililotapakaa kuliko karibu jina lolote la kazi duniani. Smith ni mhunzi. Schmidt wa Ujerumani ni mhunzi. Kovács wa Hungaria, Kuznetsov wa Urusi, Haddad wa Lebanoni na Syria, Ferrari wa Italia, Lefebvre wa Ufaransa, wote hao mababu zao walikaa mbele ya moto na koleo mkononi. Marekani wametoa orodha ya majina kutoka sensa ya 2010 na Smith ndo wa kwanza, watu 2,442,977. Ukimwambia mtoto wa Kipare anayesoma Texas kwamba yeye na mwalimu wake anayeitwa Smith wana jina la kazi ile ile, umempa kitu cha kweli, na hajalazimishwa kujipa ujomba wa uongo na mtu. Tofauti ipo na ni muhimu: Uingereza jina liliganda kwa mtu aliyekua mhunzi wakati majina yanaandikwa, watoto wake wakawa waokaji mikate au mabaharia na jina likabaki, kwahiyo kina Smith wa vijiji viwili hawana undugu wowote. Upare jina ni la ukoo, na ukoo ndo ulioshika kazi, ujuzi wa moto ulirithishwa ndani kwa ndani, baba kwa mtoto.

Tukija kwenye idadi. Ripoti imetoa namba ya watu wenye jina Mshana duniani mpaka tarakimu ya mwisho, na nafasi yake kitaifa, jina la ngapi kwa wingi Tanzania. Namba hiyo siiandiki hapa maana sitaki mtu aichukue akaiweka kwenye kalenda ya ukoo. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na majina yanaandikwa karani anapopita nyumbani, ila matokeo hayatolewi kwa majina ya koo. Kabila lenyewe liliulizwa kwa mara ya mwisho sensa ya 1967, baada ya hapo likaachwa kwa makusudi kabisa ili tusianze kuhesabiana, na mimi nakubaliana na uamuzi huo. Kwahiyo hakuna daftari la umma ambalo kampuni ingelifungua ikahesabu kina Mshana. Wanachofanya hawa ni kukusanya majina kutoka kwenye akaunti za mitandao ya kijamii, orodha za simu na vyanzo vya namna hiyo, halafu wanakuza kwa hesabu. Hiyo inaitwa makadirio. Iandikwe makadirio. Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana orodha rasmi na kwao namba ina uzito, kwetu namba ile ile kwenye ukurasa ule ule haina.

Ramani ndo sehemu niliyoipenda na siwezi kuwanyima haki yao. Imeonyesha Kilimanjaro imekolea, halafu Arusha, Tanga na Dar es Salaam, halafu vidoa vidogo Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba. Kwa mtu anayejua historia ya Wapare ramani hii inaongea. Tanga ni reli na mashamba ya mkonge, Arusha ni biashara, Dar ni shule na ajira za serikali, maana Upare walipata shule mapema, Wasabato walifika Giti Upare ya kusini mwaka 1903 na Walutheri wa Leipzig nao waliingia miaka hiyo hiyo upande wa Usangi na kwingine. Dar kwenye ramani yao imezidi kukolea kwasababu ndo kwenye watu wengi wenye simu, kwahiyo msidhani Washana wameisha mlimani. Ila kwa kuanzia mazungumzo na watoto, ramani ni nzuri, na kama wangeiuza peke yake kwa elfu kumi ningesema nunua.

Baada ya ramani inakuja sehemu ya "majina yenye uhusiano" na hapo imeharibika vibaya. Kompyuta imechukua herufi tu. Imeniambia nina uhusiano na kina Shana wa Marekani, wakati kule Shana ni jina la kwanza la mtoto wa kike. Kwa Chasu, lugha ya Wapare, ukizungumzia ukoo mzima unasema Vashana, hilo neno haikulijua. Wambaga, ukoo wa Upare ya kusini uliosifika kwa mvua, wengine kwenye vyeti wameandikwa Mbaga wengine Mmbaga, na wanahesabiwa mbali mbali kama vile hawajawahi kuonana. Halafu kwa upande wa pili watu wa koo tofauti wanawekwa kapu moja. Jirani yangu ni Mushi wa Kibosho, kuna Mushi wa Machame, mtu akitaka kuoa huko wazee hawaishii kwenye jina, wanauliza Mushi wa wapi, wa kwa nani, mtaa gani, ndo wanajua kama ni ndugu. Hili swali la "wa wapi" ndo linatenganisha koo, na fomu yao haina hata nafasi ya kuandika kijiji.

Rafiki yangu wa Pangani aliona ripoti yangu na yeye akataka. Nikamzuia. Jina lake la mwisho ni Salum, na Salum ni babu yake. Mtoto wake jina la mwisho litakua la baba wa huyu rafiki yangu, siyo Salum tena. Pwani nzima na Visiwani wengi wanaandikwa hivo, jina lako, la baba, la babu, na jina linasogea kila kizazi. Iceland kule Ulaya nao wanaenda kwa jina la baba mpaka leo na hakuna anayewaona wameharibikiwa. Ripoti ya Salum itamwambia ni neno la Kiarabu linalohusu usalama, ni sawa, ila haitamwambia kitu chochote kuhusu ukoo wake kwasababu ukoo wake haumo kwenye hilo jina. Kikuyu kwa majirani zetu Kenya ni vilevile kwa namna nyingine, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, majina yanazunguka, Kamau anamzaa Njoroge anamzaa Kamau, na ukoo wenyewe, Anjirũ au Ambũi, hauonekani kwenye kitambulisho. Wasambaa hapo jirani zetu wana She mbele, Shekilindi, Shemdoe, na hiyo She inabeba ubaba. Kila watu na mfumo wao. Huduma inayouza kitu kimoja kwa wote hawa inatakiwa iulize kwanza swali moja dogo kabla ya kupokea hela: jina lako la mwisho ni la ukoo, la baba, la babu, au la kubatizwa? Mtu akijibu la babu, wamwambie ukweli kwamba hawana cha kumuuzia.

Nembo ya ukoo msinunue. Nasema kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Walinitengenezea ngao ya Kizungu yenye simba wawili na utepe chini umeandikwa Mshana. Hata huko Uingereza kwenyewe nembo za namna hiyo hupewa mtu na wazao wake halali, hakuna nembo ya jina. College of Arms ya London, taasisi iliyoanzishwa 1484 na ndo inayosimamia nembo hizo, wanaliandika hilo wazi. Kina Smith wote hawana nembo moja, seuze sisi. Ukoo wa Upare una alama zake na ni nzito. Una mpungi, kichaka cha ukoo kilichohifadhiwa, ambako zamani mafuvu ya wazee yaliwekwa baada ya kutolewa kaburini, mahali ambapo huokoti hata kuni. Kuna mshitu, msitu wa jando. Kuna ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu, na nyingi zilichimbwa na kusimamiwa na koo. Ukitaka kuweka kitu kwenye fremu sebuleni, piga picha fuawe la babu yako kama bado lipo.

Kipimo cha vinasaba sikuchukua. Kwa ukoo wa upande wa baba kama wetu kinaweza kufanya kazi kwa wanaume, maana kromosomu Y inarithiwa baba kwa mwana kama jina lenyewe, ila unapata majibu pale tu kama wenzako wamepima na wamo kwenye hifadhi ya kampuni, na watu wa Afrika Mashariki walioko humo ni wachache mno. Watakupa asilimia na rangi kwenye ramani ya Afrika. Ukoo hawatakupa.

Huduma kwa wateja: niliwaandikia nikawaeleza kuhusu Ugweno na uhunzi, kwa adabu na kwa kirefu, nikawaambia nani wamsome. Walijibu haraka, lugha nzuri, wakashukuru, halafu wakanipa punguzo la kipimo cha vinasaba. Ukurasa wa jina haujabadilika mpaka leo, nimeuangalia jana. Hapa ndo ilipoondoka nyota ya tatu, maana kutojua kunasameheka, kuambiwa na kuendelea kuuza "mchana" kwa mtu mwingine mwenye jina langu hapana.

Hela hiyo hiyo ningeitumia hivi, na ndo nawashauri. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Dar mpaka Mwanga na kupanda mlimani na kilo mbili za sukari na majani ya chai ya kupeleka, inatosha na chenji inabaki. Nenda na simu yenye nafasi ya kurekodi. Pita usharikani uombe kuona madaftari ya ubatizo, sharika za zamani za Kilutheri huko Upare zimetunza majina ya miaka mingi na mara nyingi jina la ukoo na la kijiji yameandikwa pembeni, uliza kwa mchungaji kwanza na uende na barua ya utambulisho. Ukirudi Dar ipo Nyaraka za Taifa, kuna yale madaftari ya wilaya ambayo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za koo, machifu na ardhi, mengine wameandika kwa dharau na mengine wamepotosha, ila majina ya wazee yamo. Na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ina kazi ya Kimambo. Ukiwa na hivi vitatu mkononi, sauti ya mzee, daftari la kanisa na kitabu, unaweza kulinganisha na kuona vinakubaliana wapi.

Nani anunue ripoti hii basi? Mtu aliyezaliwa nje, hana ndugu wa karibu nyumbani, anataka angalau ajue jina lake limejaa mkoa gani, huyo ramani itamsaidia kuanza. Pia mtu mwenye jina la Ulaya au Asia ambako kuna orodha rasmi, atapata thamani ya hela yake zaidi. Msuya, Mshana, Msangi, Mgonja, Mbwambo, Mfinanga na wengine wa milimani, msilipe, pandeni.

Na mkifika msiende kwa wanaume peke yao. Mashangazi na mabibi walioolewa wanajua koo nyingi kuliko wazee wa kiume, kwasababu bibi amezaliwa ukoo mmoja, mama yake alitoka ukoo mwingine, ameolewa wa tatu na amewaoza watoto wake kwenye ukoo wa nne na wa tano, na kila posa ilipokuja yeye alikuwepo jikoni inapochambuliwa nani ni nani. Muulizeni "bibi, kwenu ni ukoo gani, na mama yako alitokea wapi," halafu mwacheni aongee, msimkatishe, na simu iwe na chaji.